Barua ya wazi kwa viongozi wa klabu na prisinti za Democratic, Houston: tupeni viti, vipeperushi vitafuata

Waheshimiwa wenyeviti wa prisinti, marais wa klabu, nanyi mlio katika uongozi wa chama ngazi ya kaunti,

Tarehe 13 Agosti 2024, watu wasiofika 80 waliamua nani abebe bendera ya chama cha Democratic katika Jimbo la 18 la Bunge la Marekani. Sheila Jackson Lee alikuwa amefariki mwezi Julai, miezi minne baada ya kushinda mchujo, na kwa sheria ya Texas kazi ya kumtafuta mgombea mwingine iliwaangukia wenyeviti wa chama wa prisinti (mitaa ya uchaguzi) zilizomo jimboni. Sylvester Turner alipata kura 41, Amanda Edwards 37. Jimbo lina wakazi zaidi ya laki saba, na ni ngome ya chama chetu tangu miaka ya 1970, kwa hiyo uamuzi wa siku ile ulikuwa karibu sawa na uchaguzi wenyewe. Watu wanne ndio waliotofautisha.

Mtaa ambao kiti chake cha prisinti kilikuwa wazi haukuwa na mtu wa kuinua mkono. Sheria ni hiyo hiyo Kaunti nzima ya Harris, ikiwemo mitaa ya Gulfton, Sharpstown na Alief, kwenye majengo ya kupanga ambako ukipita jioni utasikia Kiswahili cha Uvira, cha Bujumbura, cha Kigoma na cha Mombasa katika ngazi moja. Tunaowaandikia ni wazungumzaji wa Kiswahili tunaofanya kazi ya siasa ya mtaa: kuandikisha, kugonga milango, kutafsiri, kukaa vituoni. Ombi letu ni hili: mnapotaka kuwafikia watu wetu, msianze na kipeperushi cha Oktoba. Anzeni na kiti cha prisinti, miezi mingi kabla, na mjue kwa undani kazi inayokwenda na kiti hicho. Mengine yote katika barua hii ni maelezo ya namna ya kuifanya isiharibike.

Kwa ndugu zetu watakaoisoma barua hii na hawajawahi kusikia neno hilo, prisinti ni kipande kidogo cha kaunti kilichochorwa kwa ajili ya uchaguzi. Kaunti ya Harris inazo zaidi ya 1,000. Kila moja inastahili kuwa na mwenyekiti wa chama, anayechaguliwa katika mchujo wa Machi wa mwaka wa namba shufwa na kukaa miaka miwili. Wenyeviti wote kwa pamoja ndio kamati kuu ya chama ya kaunti. Hakuna ada ya kugombea wala sahihi za kukusanya. Mtu anajaza fomu na kuikabidhi kwa mwenyekiti wa kaunti. Dirisha hufunguliwa katikati ya Septemba ya mwaka wa witiri na kufungwa Jumatatu ya pili ya Desemba. Sharti ni awe mpiga kura aliyeandikishwa na mkazi wa prisinti hiyo. Kiti kikibaki wazi baada ya hapo, kamati kuu yenyewe huweza kumteua mtu, ikiwa mkutano umetimiza akidi. Njia zote mbili ni za bei rahisi kuliko bango moja la barabarani.

Namna mnavyokieleza cheo hiki ina uzito. Mtanzania ukimwambia kuna mtu wa chama anayeshughulika na nyumba za mtaa wake, papo hapo atamkumbuka balozi wa nyumba kumi, tangu enzi za TANU. Mrundi na Mnyarwanda nao wana nyumba kumi yao. Mfano huo unasaidia, kwa kuwa watu wanaelewa bila mhadhara kwamba chama kina shina, na shina ni mtu anayejua nani amehamia na nani amefiwa. Lakini unabeba hofu pia. Balozi alikuwa mkono wa serikali. Barua ya utambulisho ilipitia kwake, na jina lako aliloliandika lilifika mbali. Mtu aliyekimbia Kivu Kusini au Rumonge akigongewa mlango na mgeni mwenye kishikwambi anayesoma jina lake kamili na umri wake, hatakiona chama cha siasa. Ataona orodha. Kwa hiyo sentensi ya kwanza mlangoni isiwe jina la mgombea. Iwe: hatutoki serikalini, hatuhusiani na uhamiaji, hakuna anayeweza kujua umempigia nani kura. Asemaye maneno hayo awe jirani wa ngazi ileile. Ndiyo maana tunasisitiza kiti kabla ya kipeperushi: jirani mwenye cheo anarudi kesho, mgeni wa kampeni harudi.

Tuje kwenye orodha zenu. Programu ya VAN ambayo chama kinaitumia hujengwa juu ya daftari la wapiga kura. Asiyeandikishwa hayumo, au yumo kwa kubahatisha. Aliyeandikishwa juzi yumo, lakini hana historia ya kupiga kura, na kampeni inapochuja majina ili ibaki na wanaoelekea kwenda kituoni, yeye ndiye wa kwanza kuondolewa. Hakugongewa, hakwenda; hakwenda, hagongewi tena mwaka unaofuata. Kwenye majengo ya kupanga ni zaidi. Familia zinahama kila mkataba unapokwisha, geti lina namba za siri, na meneja anaweza kuwazuia wanaogawa karatasi. Mtu wa kujitolea anafika, anakuta majina manane ambayo sita wamehama, anaandika “hayupo”, anaondoka, na jengo zima linahesabiwa limefikiwa.

Dawa yake ni ya mikono. Mwenyekiti wa prisinti achukue jengo moja kwa wakati, si prisinti nzima. Aanze kwa mwenyeji anayemfungulia geti. Apite kila mlango, bila kujali orodha, aandike mambo matatu tu: lugha inayozungumzwa nyumbani, kama kuna raia mwenye miaka 18 au zaidi, na kama anwani iliyo kwenye kadi yao ya kura ndiyo hii. Hilo la tatu linaokoa kura nyingi. Texas hutuma kadi mpya za wapiga kura kila baada ya miaka miwili, na posta haziruhusiwi kuzifuatisha kwenye anwani mpya. Ikirudi, jina linaingia kwenye orodha ya kusubiri. Mtu bado anaweza kupiga kura, lakini lazima ajaze tamko la makazi, na akipitisha chaguzi kuu mbili za kitaifa bila kupiga kura jina linafutwa. Wengi hugundua hilo siku wamesimama kwenye foleni.

Kuandikisha wapiga kura Texas si jambo la kuchukua kalamu na meza ukatoka. Anayepokea fomu za watu lazima awe naibu mwandikishaji wa kujitolea aliyeidhinishwa na kaunti, baada ya mafunzo. Idhini zote hukoma tarehe 31 Desemba ya mwaka wa shufwa, hata kama uliipata Oktoba. Januari ya mwaka wa witiri kila klabu ipange upya mafunzo, kwani anayeendelea na cheti kilichokufa anakusanya karatasi zisizo na kinga ya sheria. Fomu iliyojazwa lazima ifike ofisini ndani ya siku 5. Kuchelewesha ni kosa la jinai kwa naibu mwenyewe. Mwombaji apewe stakabadhi yake. Hakikisheni sahihi ni ya wino na kisanduku cha uraia kimejibiwa, kisha angalieni leseni ya Texas au tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Kazi ya naibu inaishia kuangalia kama fomu imekamilika. Kuamua nani anastahili si kazi yake, wala hana ruhusa ya kumkataa mtu kwa sababu ya chama.

Kosa linalojirudia huku kusini magharibi ni la mpaka. Mission Bend na Missouri City zinagusa kaunti mbili. Naibu wa Harris akipokea fomu ya mkazi wa Fort Bend bila idhini ya Fort Bend, ameharibu. Watu wetu hutaja anwani yao kuwa “Houston” hata wakiwa ng’ambo ya mpaka, kwa sababu ndivyo bahasha inavyosema. Muulizeni mtu analipa kodi ya ardhi au anasajili gari kaunti gani, au angalieni ramani kabla ya kumpa kalamu.

Jambo jingine dogo linalowatisha watu bila ninyi kujua: Harris, daftari la wapiga kura linatunzwa na ofisi ya mkusanya kodi wa kaunti. Kwa Mkongomani au Mkenya, karatasi ya kura yenye jina la ofisi ya kodi juu yake inanuka mtego. Elezeni mapema, kabla hajauliza, kwamba ni mgawanyo wa kazi wa Texas tu na kwamba kujiandikisha hakuongezi kodi yoyote.

Sasa suala la uraia, ambalo halina nafasi ya kubahatisha. Asiye raia akiweka alama kwenye kisanduku cha “raia”, hata kwa kutoelewa Kiingereza, anaweza kufukuzwa nchini na kujifungia njia ya uraia. Mwenye grini kadi si raia. Mkimbizi si raia. Mwenye kesi ya hifadhi si raia. Meza ya kuandikisha sokoni au kwenye sherehe ya watu wa Afrika Mashariki isiwe na mtu wa kushangilia “njooni nyote mjiandikishe”. Swali la kwanza liwe: “Umeshakula kiapo cha uraia?” Kiapo, si “una karatasi?”, kwani neno karatasi kwa wengi ni grini kadi. Asiyeapa apewe tarehe ya darasa la uraia, asiondoke mikono mitupu.

Darasa hilo ni kazi ambayo klabu inaweza kuifanya mwaka mzima. Waliowasilisha maombi kuanzia 20 Oktoba 2025 wanakutana na mtihani mpya: maswali 128 ya kusoma, 20 yanaulizwa, 12 lazima yajibiwe sawa. Zamani yalikuwa 100, yanaulizwa 10, unapita kwa 6. Mama aliyesoma kijitabu cha zamani cha binti yake atafeli akidhani amejiandaa. Fundisheni maswali, fanyeni mazoezi ya mahojiano, lakini msijaze fomu za uhamiaji za watu wala kuwashauri kuhusu kesi zao. Hiyo ni kazi ya mawakili na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria. Na kwa kuwa tangu Agosti 2025 idara ya uraia inaruhusu maofisa wa uchaguzi wa serikali pekee kuandikisha wapiga kura ndani ya sherehe za kiapo, mtu anarudi nyumbani na cheti mkononi bila kuwa amekutana na yeyote wa klabu. Familia zetu hufanya karamu ya uraia wiki hiyo au inayofuata. Naibu mwandikishaji aliyealikwa kama jirani atawakuta hapo watu watatu hadi kumi walio tayari, na pilau ikiwa moto.

Raia mpya ana hatari moja ya pekee. Mwaka 2019 ofisi ya Katibu wa Jimbo la Texas ilitoa orodha ya wapiga kura takriban 95,000 walioshukiwa kuwa si raia. Wengi walikuwa wamepata leseni ya udereva wakiwa na grini kadi, kisha wakawa raia. Kumbukumbu za leseni ndizo zilizokuwa zimechakaa. Jambo hilo lilifika mahakamani, kesi ikaishia kwa maafikiano, na aliyekuwa katibu akaondoka madarakani mwaka huohuo. Somo lake bado ni kazi ya kila wiki: raia mpya apeleke cheti chake kwenye ofisi ya leseni arekebishiwe kumbukumbu. Akipata barua ya kaunti inayomtaka athibitishe uraia, ana siku 30, na barua ile haiji kwa Kiswahili. Mfundishe kila mtu kuipiga picha bahasha ya kaunti na kumtumia mwenyekiti wake wa prisinti siku ileile inapofika.

Tumefika kwenye fedha, ambapo ukarimu wetu unaweza kuwaponza. Watu wetu wamelelewa na harambee. Kofia ikizungushwa kwenye mkutano, kila mmoja atatia kitu, hata aliyefika nchini mwaka jana, maana kutotoa ni aibu. Sheria ya Marekani inamkataza mtu asiye raia na asiye na grini kadi kuchangia uchaguzi wowote, wa kitaifa, wa jimbo au wa mtaa, na inakikataza chama kupokea. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Basi msizungushe kofia. Wekeni fomu ya mchango yenye swali la uraia au ukazi wa kudumu, mezani kwa mweka hazina, na mtangaze wazi kwamba chakula, watoto kutunzwa na kiti cha kukalia havina malipo. Yule asiyeruhusiwa kuchangia fedha anaweza kujitolea bila malipo: kupiga simu, kupika, kutafsiri, kutembea mlango kwa mlango. Asichoruhusiwa ni kukaa kwenye maamuzi ya matumizi na mikakati ya kampeni. Wala hawezi kuwa mwenyekiti wa prisinti au naibu mwandikishaji. Hizo ni za raia. Mpaka huo ukielezwa kwa heshima, mtu haoni amedharauliwa.

Makanisa na misikiti ni milango mikubwa kwetu, lakini taasisi zilizosamehewa kodi si majukwaa ya kumpigia debe mgombea. Mkienda kuandikisha, fulana za chama zibaki kwenye gari.

Kuhusu lugha, tunawasihi sana. Msibandike tafsiri ya mashine kwenye karatasi ya chama. Tunaona yanayotokea: mwenyekiti anakuwa “kiti”, kugombea kunakuwa “kukimbilia ofisi”, na mchujo unageuka “uchaguzi wa msingi”, ambao mzazi ataudhani ni wa shule ya msingi. Andikeni “mchujo”, “kura ya mapema”, “duru ya pili”, “hakimu”, “kamishna wa kaunti”, kisha mpeni asome mtu wa Tanzania au Kenya na mtu wa Kongo au Burundi, wawili, kabla ya kuchapisha. Mkongomani wa Kivu anasema “kuvota” na anaelewa “kupiga kura”. Hakuna haja ya karatasi mbili, inatosha mmoja asimkwaze mwenzake.

Saa ni mtego mkubwa zaidi. Vituo vya Texas siku ya uchaguzi hufunguliwa 7 asubuhi na kufungwa 7 jioni kwa saa ya simu. Mtafsiri asiye mzawa huandika “saa 7”, na kwa Kiswahili saa 7 ni mchana, baada ya adhuhuri. Kuna mtu atakayekuja saa hiyo akidhani ndipo kunafunguliwa, na mwingine atakayeamini kumefungwa. Tena wapo Wakongomani wanaohesabu kwa mtindo wa Kifaransa. Andikeni yote mawili kwa pamoja: “saa 1 asubuhi, simu yako itaonyesha 7:00.” Tarehe nayo: 11/3/2026 kwa Mmarekani ni 3 Novemba, siku ya uchaguzi, kwa aliyesoma Dodoma au Goma ni 11 Machi. Mwezi uandikwe kwa herufi, daima.

Karatasi za kura Harris zinapatikana kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Kiswahili hakimo, na hata tungekuwa laki moja kisingeingia kwa sheria ya kitaifa, kwa kuwa kifungu cha lugha cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1975, kinataja wenye asili ya lugha ya Kihispania, Waasia, Wahindi Wekundu na wenyeji wa Alaska peke yao. Kinachotulinda ni kifungu cha mwaka 1982 kinachompa asiyeweza kusoma karatasi haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake, wakala wa mwajiri, au ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Texas iliwahi kudai mkalimani awe mpiga kura wa kaunti ileile; mama mmoja mzungumzaji wa Kibengali alinyimwa msaada wa mwanawe mwaka 2014 katika Kaunti ya Williamson kwa sababu hiyo, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano ikaamua kwamba sharti hilo linavunja sheria ya kitaifa. Kila mwenyekiti wa prisinti awe na maelezo haya kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiingereza cha kumwonyesha msimamizi na kwa Kiswahili cha kumpa mpiga kura. Msaidizi atajaza fomu na kula kiapo. Anasoma na kutafsiri, hashauri. Mwambieni hivyo mapema, kwani kijana anayemsaidia bibi yake, akianza kumwambia “huyu mzuri”, anaweza kusimamishwa na bibi akaondoka amefedheheka.

Kitambulisho ni tatizo linalotoka nyumbani. Kongo, kadi ya mpiga kura imetumika miaka mingi kama kitambulisho cha raia. Ndiyo unayoonyesha benki na barabarani. Basi mtu anapopokea kadi ya kura ya Texas kwa posta anaihifadhi kama dhahabu na kuja nayo kituoni peke yake. Haitoshi. Haina picha, na haimo kati ya vitambulisho saba vya picha vinavyokubaliwa. Leseni, kitambulisho cha jimbo au pasipoti ya Marekani vinafaa. Cheti cha uraia chenye picha kinafaa pia, na wasimamizi wengine hawakioni mara kwa mara, hivyo mwenye nacho asikubali kugeuzwa mlangoni.

Halafu kuna urefu wa karatasi. Harris huchagua mahakimu wengi kwa vyama, na tangu 2020 Texas imeondoa kile kisanduku kimoja cha kuchagua chama chote kwa mguso mmoja. Sasa mpiga kura lazima ashuke nafasi moja baada ya nyingine, mara nyingi makumi. Asiyesoma Kiingereza anachagua rais au gavana na seneta, anachoka, anabonyeza mwisho. Kura za mahakimu wa familia, na za mahakimu wa amani (justice of the peace) ambao ndio wanaoamua nani anafukuzwa nyumba, zinabaki tupu. Simu hairuhusiwi ndani ya futi 100 za kituo, lakini karatasi iliyoandikwa inaruhusiwa kwenye kibanda. Chapisheni ukurasa wa Kiswahili wenye nafasi zote kwa mpangilio uleule wa kura ya prisinti husika, jina la nafasi, kazi yake kwa sentensi moja, na majina kama yalivyoandikwa kwenye mashine. Mpangilio ukikosewa, mtu anapotea ukurasa wa pili. Kwa kuwa Harris mtu huweza kupiga kura katika kituo chochote cha kaunti, karatasi hizo zigawiwe majumbani kulingana na prisinti, kamwe zisigawiwe nje ya kituo kwa kila anayepita. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: ukimaliza, mashine inatoa karatasi, ipeleke kwenye mashine ya kusoma. Anayetoka na karatasi yake mfukoni hajapiga kura.

Vyama hupeleka majina ya wasimamizi na makarani wa vituo kila kiangazi. Tunaomba orodha yenu iwe na wazungumzaji wa Kiswahili kwa vituo vya kusini magharibi. Makarani hulipwa, na wanafunzi raia wa kuanzia miaka 16 wanaweza kuwa makarani wanafunzi. Binti wa sekondari anayesema Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza akiwa mezani, foleni nzima inatulia.

Msidhani tunaomba jambo geni katika kaunti hii. Mchujo wa chama hiki ulikuwa wa weupe tu hadi daktari wa meno wa Fifth Ward, Lonnie Smith, aliponyimwa karatasi na kwenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa haki tarehe 3 Aprili 1944. Wakili wake, Thurgood Marshall, ndiye aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House. Mwaka huohuo wa 1960, Barbara Jordan, wakili kijana wa Fifth Ward, alianza kwa kubandika stempu katika ofisi za kampeni ya Kennedy na Johnson, kisha akapanga wafanyakazi wa mtaa kwa mtaa katika prisinti za watu weusi. Aligombea Bunge la Texas 1962 akashindwa, 1964 akashindwa, 1966 akaingia Seneti ya jimbo, na 1972 akaingia Bunge la Marekani kwa kiti kile kile cha Jimbo la 18. Mtaa wake ulipangwa kwanza, mgombea akafuata.

Watu wetu wanajua vikao. Jumuiya zetu zina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Muhtasari unasomwa, akidi inahesabiwa, na upatu hauchelewi hata siku moja. Msiwafundishe kana kwamba hawajawahi kuinua hoja. Waonyesheni tu tofauti: hapa hoja lazima iungwe mkono kabla ya kujadiliwa, na mzee hapewi nafasi ya mwisho kwa sababu ya umri. Pangeni mkutano kwa saa za wafanyakazi wa maghala, ambao wengi huingia zamu ya jioni, na msiuweke Jumapili kabla ya saa 9 alasiri, ibada nyingi bado zinaendelea. Na jihadharini na mtu mmoja atakayewajia akisema anawaleta “Waswahili wote”. Hakuna mtu kama huyo. Wabembe, Wanyamulenge, Warundi, Wakenya na Watanzania wana viongozi wao, na mkimlipa mmoja awe mlango, wengine watafunga yao.

Tunaomba jibu la maandishi kwa mambo matatu, kabla dirisha lijalo la Septemba halijafunguliwa. Prisinti zipi za Gulfton, Sharpstown na Alief hazina mwenyekiti hivi sasa, kwa namba zake. Mkutano gani wa kamati kuu utapokea majina ya kujaza viti hivyo. Na nani katika kila klabu atakayepokea picha za bahasha za kaunti tutakazomtumia, ili siku 30 zisipite. Majina ya raia walio tayari kugombea tutayaleta wenyewe, mmoja mmoja, na anwani zao tukiwa tumeshazilinganisha na ramani.

Wenu katika kazi,
Wazungumzaji wa Kiswahili, kusini magharibi mwa Houston